MAISHA YA SHEIKH AHMAD SURKATI, MWALIMU WA AL-IRSHAD

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni za Mola aliyemfundisha mwanadamu kwa kalamu, na rehema na amani zimshukie bwana wa Mitume, Muhammad, na aali zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo: kitabu hiki kidogo chaeleza maisha ya mtu aliyetoka Sudani, akatafuta elimu Madina na Makka, kisha akavuka bahari kwenda kusomesha watoto wa watu katika nchi isiyo yake. Jina lake ni mashuhuri Indonesia hata leo. Na mambo yaliyomfika si mageni kwa watu wa pwani, kwani Hadhramaut ile ile iliyopeleka wanawe Batavia na Surabaya, ndiyo iliyopeleka wanawe Lamu, Mombasa na Unguja. Mwenye kusoma khabari hizi atayaona humo mambo ya mbali, na atayaona ya karibu.

KUZALIWA KWAKE

Jina lake ni Ahmad bin Muhammad Surkati al-Ansari. Alizaliwa karibu na mwaka 1875, sawa na 1292 wa Hijria, upande wa Dongola, kaskazini ya Sudani, penye visiwa vya mto Nili. Watu wa kwao huipandisha nasaba yao hata kwa sahaba Jabir bin Abdillah al-Ansari, Mungu amwie radhi. Ama jina la Surkati, yasemekana kuwa maana yake katika lugha ya Kidongola ni vitabu vingi, na kwamba babu yake aliitwa hivyo aliporejea Misri na mzigo mkubwa wa vitabu. Basi nyumba aliyozaliwa ilikuwa nyumba ya elimu, na baba yake naye alikuwa amesoma al-Azhar.

Aliihifadhi Kurani angali mdogo. Baba yake alitamani ampeleke Misri, apite njia aliyoipita yeye. Walakini zama zile hazikuwa za amani. Mahdi aliutwaa mji wa Khartoum mwezi wa Januari 1885, akafa mwaka huo huo, na Khalifa Abdullahi akatawala baada yake hata mwaka 1898. Njia ya kwenda Misri ikawa imefungwa kwa kijana wa Dongola. Mlango mmoja ulipofungwa, Mwenyezi Mungu akafungua mwingine: karibu na mwaka 1896 Ahmad alivuka bahari ya Sham akaingia Hijazi.

KUTAFUTA ELIMU

Alikaa Madina miaka minne na nusu, kisha akahamia Makka akakaa miaka kama kumi na mmoja. Akasoma Hadithi, Tafsiri, Fikihi na lugha ya Kiarabu. Miongoni mwa walimu wake alikuwa Sheikh Umar Hamdan, mwanachuoni mkubwa wa Hadithi. Akapata ijaza ya kusomesha, naye akasomesha Makka, mji ambao wanavyuoni hawakuwa haba, wala mgeni hapati kikao humo ila kwa elimu iliyothubutu.

Katika miaka hiyo fikira za Sheikh Muhammad Abduh wa Misri zilikuwa zikienea kwa maandishi, na gazeti la al-Manar, alilolianzisha Sayyid Rashid Ridha mjini Kairo mwaka 1898, lilikuwa likisafiri katika miji ya Waislamu. Gazeti hilo hilo lilisomwa Mombasa na Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui, ambaye baadaye alitoa magazeti yake mawili, al-Sahifa mwaka 1930 na al-Islah mwaka 1932. Surkati naye alikunywa katika kisima hicho. Alishika kwamba Waislamu hawakurudi nyuma kwa sababu ya dini yao, bali kwa sababu ya kuiacha elimu. Na kwamba elimu ni haki ya kila mtoto wa Kiislamu, si urithi wa nyumba fulani.

HALI YA WAARABU WA BATAVIA

Batavia, mji ambao leo huitwa Jakarta, ulikuwa makao ya serikali ya Waholanzi. Waarabu waliokaa huko wengi wao asili yao ni Hadhramaut. Waholanzi waliwaweka katika mitaa yao mbali, na mtu hakuweza kusafiri bara ila kwa cheti. Wachina nao walikuwa katika hukumu hiyo. Lakini walijikusanya wakafungua skuli yao mpya Batavia mwaka 1901, na mwaka 1908 serikali ikawafungulia watoto wao skuli za Kiholanzi. Watoto wa Waarabu walibaki na vyuo vya kale, au bila ya kitu.

Basi mwaka 1901 baadhi ya Waarabu wa Batavia, wengi wao masharifu wa Ba-Alawi, waliunda chama wakakiita Jamiat Khair, na serikali ikakipa idhini mwaka 1905. Wakafungua madrasa ya namna mpya: watoto hugawanywa kwa madarasa, hukaa juu ya viti, huandikiwa ubaoni, na pamoja na dini hufundishwa hesabu, tarehe na jiografia. Jambo hili lilikuwa jema kubwa, na fadhila ya kulianza ni ya masharifu hao. Haifai mtu kuisahau kwa ajili ya yaliyotokea baadaye.

Madrasa ilipokua, walimu hawakutosha. Wakapeleka Makka kutaka mwalimu mkuu, na wanavyuoni wa Makka wakamtaja Sheikh Ahmad Surkati.

KUFIKA KWAKE BATAVIA

Aliteremka Batavia mwezi wa Machi 1911, pamoja na walimu wawili, Sheikh Muhammad Abdulhamid wa Sudani na Sheikh Muhammad Tayyib wa Maghribi. Akawekwa kuwa mkubwa wa masomo, makao yake katika madrasa ya Pekojan. Umri wake ulikuwa kama miaka thelathini na sita.

Watu walimpokea kwa heshima. Idadi ya wanafunzi ikazidi, na baadaye akaitisha walimu wengine kutoka Makka, mmoja wao nduguye, Sheikh Abulfadhli. Lakini ndani ya madrasa alikuwa akifundisha jambo ambalo halikuandikwa katika ratiba ya masomo, nalo ni usawa. Katika desturi za Hadhramaut watu walikuwa tabaka tabaka: masharifu juu, kisha mashekhe na watu wa makabila, na chini yao wanyonge wasio na silaha wala nasaba ya kutajwa. Asiye sharifu alipokutana na sharifu humbusu mkono. Desturi hiyo ilivuka bahari pamoja na majahazi. Lakini Jawa mtoto wa mnyonge aliweza kuwa tajiri, na mtoto wa tajiri aliweza kuingia madrasa akasoma vitabu mwenyewe. Hapo ndipo maswali yalipoanza. Surkati hakuwahimiza watu wavunjiane heshima. Bali alifundisha kwamba ubora mbele ya Mwenyezi Mungu ni kwa uchaji na elimu na amali njema, na kwamba mtu hapewi daraja kwa damu peke yake.

Maneno haya kila Mwislamu huyakubali yakisemwa juu ya mimbari. Mtihani huja yanapoulizwa barazani, juu ya jambo lililo mbele ya macho.

SWALI LA SOLO

Mwaka 1913, wakati wa mapumziko ya madrasa, Sheikh Ahmad alisafiri mpaka mji wa Solo, katikati ya Jawa, akawa mgeni wa mmoja wa wakubwa wa Waarabu wa huko, wa ukoo wa Sungkar. Katika mazungumzo ikatajwa khabari ya sharifa mmoja ambaye kwa ufakiri alikuwa akikaa na mtu asiye Mwislamu, bila ya ndoa. Mtu mmoja akatoa shauri kwamba zichangwe fedha za kumtoa katika hali ile, na kama haikuwezekana basi Mwislamu mmoja amwoe, ingawa si sharifu. Shauri la pili likawakera baadhi ya waliohudhuria, kwani kwao sharifa haolewi ila na sharifu. Ndipo Sheikh alipoulizwa: je, ndoa kama hiyo yafaa katika sheria?

Swali hili halikuwa jipya. Mwaka 1905 liliulizwa kutoka Singapore, ambako Mwislamu wa Kihindi alimwoa sharifa. Sayyid Rashid Ridha alijibu katika al-Manar kwamba ndoa ni sahihi, na Sayyid Umar al-Attas akajibu kinyume chake. Kila upande ulikuwa na hoja. Katika madhehebu ya Imamu Shafi nasaba ni katika mambo yanayotazamwa katika kufu, ila kufu ni haki ya mwanamke na walii wake, na mwenye haki aweza kuisamehe. Wenye kukataza walisema kwamba haki ya sharifa si ya walii wake peke yake, bali ni ya watu wote wa nyumba ya Mtume, kwa hivyo hapana mmoja awezaye kuisamehe. Wenye kujuzisha walitaja kwamba Mtume mwenyewe, rehema na amani zimshukie, alimwoza Zaid bin Haritha, aliyekuwa mtumwa akaachwa huru, Bibi Zainabu binti Jahshi, ambaye ni binti wa shangazi yake. Na kwamba Sayyidna Ali alimwoza Sayyidna Umar bin al-Khattab binti yake Ummu Kulthum.

Sheikh Ahmad angeweza kunyamaza. Alikuwa mgeni, mshahara wake wautoa masharifu, nyumba aliyokaa ni yao, na walimu aliowaita kutoka Makka riziki yao i mikononi mwao. Angeweza kusema kwamba jambo hili lina khitilafu, na waulizwe wengine. Hakufanya hivyo. Alijibu kwamba ndoa hiyo yajuzu.

KUTENGANA NA JAMIAT KHAIR

Jawabu lilifika Batavia kabla ya mwenyewe kutulia. Wakubwa wa Jamiat Khair waliona kwamba mtu waliyemwita awasomeshee watoto ameigusa heshima ya nyumba yao. Na yeye aliona kwamba ameulizwa hukumu ya sheria akaieleza kama aijuavyo. Mapenzi yakapoa, na mwaka mzima ukapita katika hali hiyo. Mwisho wake Sheikh Ahmad alijiuzulu, akakusudia kurejea Makka. Hakupigana kuitwaa madrasa, kwani madrasa ilikuwa ya watu waliyoijenga.

Lakini Waarabu wasio masharifu hawakukubali aondoke. Mbele yao alikuwa Umar bin Yusuf Manggush, ambaye serikali ya Waholanzi ilimweka kuwa kapitani wa Waarabu wa Batavia. Hao walimwomba abaki, wakakodi nyumba, na tarehe 6 Septemba 1914, sawa na 15 Shawwali 1332, wakafungua madrasa mpya, na yeye akawa mwalimu wake mkuu. Madrasa ikaitwa al-Irshad. Chama cha kuisimamia kikapata idhini ya serikali tarehe 11 Agosti 1915.

Mwaka huo wa 1915 Sheikh aliandika risala ya kuieleza fatwa yake, ijulikanayo kwa jina la Surat al-Jawab. Humo aliieleza hoja yake kwa dalili, kwamba binadamu wote asili yao ni moja, na kwamba sheria haikuweka ukuta baina ya Mwislamu na Mwislamu katika ndoa kwa sababu ya nasaba.

MAMBO MAWILI YA KUZINGATIWA

Katika mwanzo wa al-Irshad mna mambo mawili ambayo hayafai kupitwa mbio.

La kwanza ni hili. Katika wale waliosaidia madrasa mpya kwa mali, aliyetoa nyingi mno alikuwa sharifu: Sayyid Abdallah bin Alwi al-Attas, tajiri wa Batavia, alitoa gilda 60,000. Mtu huyu hakusaidia ili apate cheo, kwani katika chama kile hakuwa na cheo cha kupata. Aliona watoto wanasomeshwa, akatoa. Basi yeyote asemaye kwamba khitilafu ile ilikuwa baina ya masharifu wote upande mmoja, na watu wengine wote upande wa pili, hakuijua khabari.

La pili ni kwamba katika kanuni za chama kile waliandika sharti kwamba sharifu wa Ba-Alawi hawezi kuwa katika wakubwa wake. Walioandika walikuwa na sababu: walichelea madrasa yao isije ikarudi katika mikono ile ile waliyoiepuka. Hata hivyo jambo lenyewe lajionyesha. Watu waliolalamika kwamba nasaba imewafungia mlango, waliposhika ufunguo wao wenyewe waliufunga mlango mwingine kwa nasaba hiyo hiyo. Na aliyetoa gilda 60,000 alikuwa katika waliofungiwa. Mwanadamu huona uzito wa dhulma ikiwa juu ya bega lake. Ikiwa juu ya bega la mwenziwe huiita tahadhari.

KAZI YAKE KATIKA AL-IRSHAD

Sheikh Ahmad hakuitumia madrasa kwa kurudisha maneno. Alipanga masomo ngazi baada ya ngazi, kuanzia watoto wasiojua herufi mpaka daraja ya Muallimin, yaani ya kutoa walimu. Hii ndiyo siri ya kuenea kwa al-Irshad: kila mji ulipotaka madrasa, haukuhitaji kungoja meli ya Makka, kwani walimu walikwisha kutolewa Batavia. Tegal ilifunguliwa mwaka 1917, na baadaye Pekalongan, Cirebon, Surabaya na miji mingineyo ya Jawa.

Kiarabu alikifundisha kwa mkazo mkubwa, kwa sababu aliona kwamba mtu asiyeijua lugha ya Kurani hubaki mateka wa mwenye kuijua. Na mnyonge akishaijua, hapana awezaye kumwambia kwamba dini yasema hivi au hivi naye asiweze kutazama. Mwaka 1923 alianza kutoa gazeti, al-Dhakhira al-Islamiyya, na mwaka 1925 akatoa risala yake ya Masuala Matatu, juu ya ijtihadi na taklidi, sunna na bidaa, na kuzuru makaburi pamoja na tawasuli na shufaa. Katika mambo hayo wanavyuoni wamekhitalifiana naye, na wangali wakikhitalifiana. Kazi yake ya usomeshaji ni jambo jingine, nayo yakubaliwa hata na wasiokubali fatwa zake.

Wanafunzi wake hawakuwa Waarabu peke yao. Wenyeji wa visiwa walisoma pia, na matunda yao yalionekana. Muhammad Rasjidi, kijana wa Kotagede aliyezaliwa mwaka 1915 katika nyumba ya Kijawa, alisoma katika madrasa ya al-Irshad huko Lawang chini ya Sheikh Ahmad. Akaendelea Kairo, na mwaka 1946 akawa waziri wa kwanza wa mambo ya dini wa Indonesia. Hasbi Ash-Shiddieqy, aliyetoka Aceh, alisoma al-Irshad ya Surabaya mwaka 1926, akawa mwandishi mkubwa wa Fikihi na Tafsiri katika nchi yake. Hawa hawakuulizwa babu zao ni nani walipokaa darasani.

FITINA ILIYODUMU

Haifai kuficha kwamba khitilafu ile ilileta madhara. Ndugu walisusiana, misikiti na harusi zikagawanyika, magazeti yakatupiana maneno, na ugomvi ukavuka bahari ukafika Hadhramaut yenyewe. Watu wakashitakiana hata kwa Wangereza na kwa masultani wa huko, na jambo la Waislamu likawa mezani kwa wasio Waislamu. Baadaye masharifu waliunda chama chao, al-Rabita al-Alawiyya. Watu wema walijaribu mara kadha wa kadha kuleta suluhu, na kila mara mlango ulifunguka kidogo kisha ukafungwa.

Wengine humlaumu Sheikh Ahmad kwa fitina hiyo, kwamba lau angalinyamaza Solo haya yasingalitokea. Mwenye kutazama ataona kwamba swali lilikuwako kabla yake, Singapore na Batavia, na kwamba vijana waliokwisha soma wasingaliacha kuliuliza. Lakini ni kweli pia kwamba neno la haki lahitaji watu wa kulibeba kwa adabu, na baadhi ya waliolibeba baada yake waliligeuza fimbo.

MWISHO WA MAISHA YAKE

Katika miaka yake ya mwisho Sheikh Ahmad alipofuka macho. Mtu aliyebeba jina la vitabu vingi hakuweza tena kusoma hata kimoja ila kwa kusomewa. Wajapani waliiteka Jawa mwezi wa Machi 1942, na dhiki ikawafika watu wote na madrasa zote. Naye alifariki Jakarta siku ya Alhamisi tarehe 16 Septemba 1943, katika mwezi wa Ramadhani wa mwaka 1362, akazikwa katika makaburi ya Karet. Makka aliyokusudia kurejea mwaka 1914 hakurejea kukaa tena. Nchi aliyoijia kwa mkataba wa ualimu ndiyo iliyompokea mchangani.

Chama cha al-Irshad kingaliko Indonesia na skuli zake ni nyingi. Jamiat Khair nayo ingaliko, na skuli zake zingali zikisomesha. Zote mbili, ile iliyomwita na ile iliyojengwa kwa ajili yake, zimeishi kupita wote waliogombana, na watoto wasomao humo leo hawakuuona ugomvi wala hawaukumbuki.

MAFUNZO

Mwenye akili atachukua katika maisha haya mafunzo matatu. La kwanza, kwamba mgeni aliyekuja na elimu ni neema kwa mji, na mji humpima kwa kazi yake, si kwa alikotoka. La pili, kwamba usawa wa elimu haupatikani kwa kufungua mlango wa madrasa peke yake. Mwalimu naye lazima awe tayari kusema nje ya mlango lile alilolisema ndani, hata ikiwa riziki yake i hatarini. La tatu, kwamba aliyetolewa katika dhulma na ajihadhari asiijenge upya kwa mikono yake, na akumbuke gilda 60,000 za Sayyid Abdallah, kwamba kheri haina nasaba.

Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh Ahmad Surkati, awarehemu waliomsaidia na waliokhitalifiana naye kwa nia njema, awape Waislamu wa pwani na wa Jawa madrasa zisizomrudisha mtoto mlangoni kwa ajili ya babu yake, na azipatanishe nyoyo za watu wa kibla kimoja. Amin.